Jumamosi za Msoma Mto

Nimewaona watu wanaofumba macho wasione damu, na wengine wasione jeneza likishushwa. Yeye ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akifumba macho asione mto.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, upande wa Nyatike, mahali Mto Kuja unapokaribia kuingia ziwani. Mimi nilikuwa nimetoka Homa Bay wiki ileile, nimeajiriwa na mradi wa Wazungu kuwa karani na mkalimani, na nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini kwenye tope. Nikamwona mzee mwenye koti jeusi la kanisani, Biblia kwapani, anajipenyeza katikati ya ua wa michongoma, macho ameyafumba, huku miiba inamvuta mikono ya koti. Hatua chache kutoka pale ilikuwepo njia nzuri, pana, inayofuata ukingo wa mto.

Nikamwuliza kwa Dholuo, "Jaduong', mbona unajitesa na njia iko pale?"

"Leo ni Sabato, nyara," akanijibu. Jaduong' ni mzee, na nyara ni binti yangu. "Nikipita pale nitaona kipimo. Nikikiona nimekisoma. Na jicho likisoma, limefanya kazi."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nimesimulia kisa hicho mara nyingi Migori mjini, na watu wamecheka. Leo kinanishtua kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kwa macho yangu, kwa sababu kila nililopaswa kujua nilielezwa pale kwenye michongoma, siku ya kwanza, bure, nami nikalifanya utani.

Watu walimwita Japim, yaani mpimaji, na hata wajukuu zake sidhani walijua jina lake lingine. Kazi yake ilikuwa kusoma mto. Idara ya maji ilikuwa imesimamisha ubao wa chuma ndani ya Kuja, umepakwa rangi nyeupe na nyeusi, una mistari ya sentimita kutoka chini hadi juu, na kila asubuhi saa tatu kamili yeye alikwenda kuutazama, akaandika daftarini maji yamefika mstari gani. Basi. Mwisho wa mwezi aliijaza fomu na kuituma ofisini, akabaki na nakala yake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini nilipomkuta.

Ukiambiwa hivyo utadhani ni kazi ya dakika mbili. Kwake ilikuwa ibada. Alifuta miwani mara mbili kwa ncha ya shati, akachuchumaa ukingoni, akaisoma namba kwa sauti, kisha akaibeba kwenda nyumbani akiirudiarudia, na kati ya mto na meza yake hakumjibu mtu yeyote. Chifu mwenyewe alimsalimu siku moja njiani, yuko na wageni kutoka Migori, na Japim akampita kama mti huku ananong'ona, "Moja nukta nne mbili, moja nukta nne mbili." Chifu alinuna wiki nzima. Japim alipoambiwa akashangaa kweli. "Sasa ningemjibu," alisema, "namba ningeiweka wapi?"

Siku ya kumzika ndugu yake, mhubiri hajamaliza, saa tatu ikakaribia na Japim akaondoka makaburini. Watu walipigwa na butwaa. Alirudi akapiga magoti, akatupa udongo wake, akalia kwa sauti kuliko wote. Shangazi zake walimsema mpaka alipozeeka.

Ajabu ni kwamba nje ya ule mto hakuwa mtu wa vipimo hata kidogo. Umri wa watoto wake alikuwa anaukisia. Mahindi yake yalisimama shambani kama watu waliotoka kwenye pombe. Na katika ajua, ule mchezo wa kokwa na vishimo unaochezwa na wazee wetu, alikuwa mwizi wa mchana. Angeingiza kokwa kiganjani huku anakuuliza habari za mama yako. Nilimshika mara tatu, na mara zote tatu aliapa. Mtu huyohuyo ambaye asingeuongezea mto sentimita moja hata umtishie jela.

Mkewe alikuwa Mkatoliki, mwenye maneno, anauza omena, dagaa wa ziwani, aliowanunua Sori, na alimtania mbele ya wageni bila huruma. "Mimi ni mke mdogo hapa," alikuwa akiniambia, ananimiminia uji. "Mke mkubwa wake yuko pale chini, anatiririka. Huyo ndiye anaamkiwa kila asubuhi. Mimi hata nikivaa kitambaa kipya ananiuliza kama nimekatwa nywele." Japim alicheka naye. Walipendana wale watu. Jumamosi yeye alikwenda kanisani kwake, Jumapili mke akaenda kwake, na katikati wakagombana kuhusu chumvi.

Ni mkewe aliyenisimulia kwamba miaka ya mwanzoni alijitolea. "Nilimwambia, wewe nenda Sabato yako, mimi nitakusomea huo ubao, macho ninayo. Akakataa. Akanifungulia Biblia. Ati amri inasema wewe, na mtumishi wako, na mnyama wako. Nikamwuliza, sasa mimi hapo ni nani, mtumishi au mnyama?" Japim alikuwa ameketi papo hapo. Akasema bila kuinua uso kwamba kumtuma mtu ni kufanya kazi kwa mkono mrefu.

Nilicheka tena. Sikuuliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza: basi namba ya Jumamosi ilitoka wapi?

Lazima niueleze mto wenyewe, maana bila hivyo mtu hawezi kuelewa. Kuja haujazwi na mvua ya Nyatike. Nyatike ni jua. Mvua inanyesha juu kule, milima ya Kisii, wewe huku umeanika mtama na anga ni jeupe, halafu unasikia mngurumo na maji mekundu yanakuja na miti mizima, migomba, hata ng'ombe wa mtu. Yanapanda saa chache, yanashuka saa chache. Japim alikuwa na msemo wake: "Mvua ya Kisii haipigi hodi." Aliusema kwa kujivuna, kama mtu anayesifu ukali wa jirani.

Katikati ya miaka ya tisini mradi wetu ulikuja kujenga zahanati. Haja ya zahanati haikuhitaji mkutano. Wanawake walikuwa wanajifungulia njiani wakipelekwa Migori, wengine juu ya baiskeli, na kila boma lilikuwa na hadithi yake ambayo halikupenda kuisimulia. Nchi iliyotoa fedha ilikuwa na sharti jipya, ambalo mimi nililiona la kisasa sana: kila jengo lijengwe likifikiria hali ya hewa inayokuja. Alikuja mtaalamu, mwanamke kijana mwenye kofia pana, akakaa wiki moja. Alieleza kwamba dunia inapata joto, kwamba mvua zitakuwa kali kuliko zile tulizozizoea, na kwamba ni dhambi kumjengea mtoto wa kesho kwa kuangalia mto wa jana tu. Nilimfasiria kwa moyo wangu wote. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyebisha, walikuwa wameyaona wenyewe mashambani.

Njia yao ya kufanya ilikuwa rahisi. Wanachukua maji ya juu kabisa yaliyowahi kuandikwa katika kitabu cha mto. Juu ya hapo wanaongeza kimo cha goti, na hicho kimo cha goti ndicho tabianchi, ndiyo kesho. Sakafu ya zahanati inakaa hapo. Nje ya bonde hapakuwa na kiwanja. Waliokuwa na ardhi ya juu hawakutaka kuitoa.

Kwa hiyo kila kitu kilikaa juu ya kitabu cha Japim.

Mhandisi wetu, Mzungu mrefu mwenye kicheko cha karibu, alikipenda kile kitabu kama msahafu. Katika baraza la mwisho alikiinua juu, akamsimamisha Japim mbele ya kijiji kizima. Mimi nikafasiri: amefanya kazi nchi nyingi, na hajawahi kuona daftari la mto lisilo na pengo hata siku moja kwa miaka yote hiyo. Akina mama wakapiga vigelegele. Japim alisimama na kofia mikononi. Nilidhani ni aibu ya kusifiwa.

Hapo mkunga wa kijiji, mama mnene mwenye sauti, akainuka. Alizungumza kwa Kiswahili ili wageni wamsikie moja kwa moja.

"Mimi nataka kusema kitu moja. Hiyo sakafu ni chini. Maji ilifika kanisa ya Sabato, pale kwa dirisha. Mimi niliona na hii macho yangu."

Mhandisi akauliza mwaka gani. Wakaanza kubishana: mwaka ule wa nzige, hapana, mwaka ule kifungua mimba wa fulani alitahiriwa huko Kuria alikoolewa mamake. Hatimaye wakakubaliana mwaka na mwezi. Mhandisi akafungua kitabu, akapitisha kidole ukurasa wote, akatabasamu kwa upole. Namba zote za mwezi ule zilikuwa za kawaida.

"Mwambie mama," akaniambia, "kitabu hakikubali."

Nikamwambia. Watu wakacheka. Mkunga akaketi, akavuta leso yake. Nilimtazama Japim nikitegemea naye anacheka. Alikuwa amekodoa macho kumtazama yule mama kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua kwa mbali.

Kesho yake asubuhi, baada ya saa tatu, alikuja kwenye hema letu la kazi. Hakuwa na kofia. Mhandisi alikuwa peke yake na michoro, mimi niko na mashine yangu ya chapa. Japim alijua Kiswahili cha sokoni na Kiingereza kidogo cha kusomea fomu, lakini siku hiyo alisema neno zito atalisema kwa lugha aliyonyonya. Akasimama wima kama mtu anayeungama mbele ya kanisa. Maneno yake ninayakumbuka yote, na haya ndiyo.

"Mwambie hivi. Sijawahi kusoma mto siku ya Sabato. Jumapili naangalia namba ya Ijumaa na namba ya Jumapili, naandika iliyo katikati. Mwanzoni nilikuwa naacha pengo. Karani wa maji akanirudishia fomu, ameandika kwa wino mwekundu kwamba pengo ni uzembe. Nikaona hesabu si kazi ya Sabato, naifanya Jumapili, basi si dhambi. Mkunga hakusema uongo. Mwaka ule mto ulipanda tukiwa ndani ya kanisa. Tulisimama juu ya mabenchi, tukiimba kwa hofu. Maji yalifika kwenye dirisha, jioni yakashuka, Jumapili asubuhi yako chini. Mimi niliandika namba ya katikati. Kitabu changu ni uongo siku moja katika kila siku saba. Msijenge juu yake."

Wale wanaosema walipata mshtuko huwa wanaeleza kwamba hawakuweza kufikiri. Mimi nilifikiri, na haraka sana, na hilo ndilo linalonitisha. Niliwaza kwamba atafukuzwa kazi leo hii, mbele yangu, siku moja baada ya vigelegele. Niliwaza kwamba michoro imeshapelekwa Ulaya na kurudi, na kwamba tarafa ya jirani inaimezea mate zahanati hii. Tukisema kitabu kimeoza, wataichukua. Nikawaza wale wanawake wa kwenye baiskeli. Mhandisi alikuwa ananitazama, anangoja.

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema namba za Jumamosi ni za makadirio, kwa sababu ya kanisa. Anaomba radhi."

Mhandisi akacheka kile kicheko chake. Akamshika Japim bega. "Mwambie hata Mungu alipumzika," alisema. "Jumamosi chache haziwezi kubadilisha miaka ishirini." Akaandika mstari mmoja pembeni ya karatasi, akaendelea na kazi.

Japim alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia, "Ameelewa, jaduong'. Amesema hakuna neno." Akashukuru, akatoka.

Sitajipamba. Siku ile nilikula chakula changu vizuri. Nilijiona nimeokoa kazi ya mzee na zahanati ya mama zetu kwa sentensi moja.

Ujenzi ulichukua mwaka. Japim alifika kila siku akitoka mtoni, akasimama mikono nyuma, akaangalia ukuta unavyopanda, kisha akageuza uso upande wa kanisa. Fundi alimzoea. Siku moja nilimsikia anamwambia, "Fundi, ongeza mistari ya matofali. Hata mitano."

"Mzee, mimi najenga ile iko kwa karatasi," fundi akasema. "Ukitaka ipande, ongea na karatasi."

Japim hakubishana. Alianza hata kupunguza kuiba katika ajua, jambo lililomtia mkewe wasiwasi kuliko ugonjwa wowote. Alinivuta kando akaniuliza kama mradi umemwambia mumewe neno baya. Nikasema hapana.

Zahanati ilifunguliwa kwa ngoma. Ilikuwa nzuri, nyeupe, na mwaka wake wa kwanza niliona watoto wakizaliwa mle ndani ambao wangezaliwa barabarani. Hilo nalo ni kweli na sitalificha. Nilipita pale na gari la mradi, nikahesabu vitambaa vilivyoanikwa uani, nikajipongeza.

Kisha zikaja mvua za El Nino, mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba. Redio ilikuwa imezitangaza. Zilinyesha Kisii, zikanyesha kwetu, zikanyesha mahali ambapo hata vikongwe hawakukumbuka tope. Barabara ya Sori ilikatika. Mimi nilikuwa Migori, ofisini, na habari niliipata kwa dereva wetu aliyetembea sehemu ya njia kwa miguu. Alisimama mlangoni na suruali imekunjwa, anatona maji.

"Madam, zahanati imeingia maji," akasema. "Si kidogo. Imepita dirisha."

Ilikuwa Jumanne. Kuja ulipanda alfajiri. Kile kimo cha goti, ile kesho tuliyoiongeza kwa hekima yote, ilizama kwanza. Maji yaliipita bila hata kuijua. Ndani mlikuwa na muuguzi na mwanamke mmoja aliyekuwa na uchungu tangu usiku, binti kutoka ng'ambo ya mto, mimba yake ya kwanza. Japim alikuwa amekwenda kusoma mto akakuta ubao haupo, umekwenda na maji. Hakurudi nyumbani. Alikwenda zahanati maji yakiwa kiunoni, wakapandisha kitanda juu ya kitanda wakamlaza yule binti juu, na maji yakawafuata. Wavuvi walileta mtumbwi kutoka ziwani, wakamtoa kupitia dirishani. Alijifungulia ndani ya mtumbwi. Yeye alipona. Mtoto hakulia.

Dereva alipomaliza niliuliza, kwa sauti ya karani, dawa ngapi zimeharibika. Ndiyo, hilo ndilo lililonitoka. Kisha nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi za ofisi, mvua inaninyeshea, watu wananipita na miavuli, na sikuweza kuifunga mikono yangu ikawa ngumi. Kusema nilihuzunika si sahihi. Huzuni ilikuja miezi mingine. Siku ile nilikuwa na mshangao tu, mtupu, kama mtu aliyepigwa kofi na mkono wake mwenyewe.

Sikwenda kumwona Japim. Nilikuwa na sababu, barabara mbovu, kazi nyingi, malaria. Nilikuwa naogopa.

Nilimwona tena mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, kwa sababu nililazimika. Nchi ileile ilikuwa imetuma mhandisi mwingine, mwanamke mtu mzima asiye na haraka, kuja kujenga upya. Alitaka kusikia habari za mto kutoka kwa watu kabla ya kufungua karatasi yoyote. Nikamwomba anitangulize nusu saa.

Japim alikuwa amekonda. Alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba, meza ndogo mbele yake, nakala za madaftari ya miaka yote zimepangwa kando kama matofali. Mkononi alishika penseli nyekundu na rula. Alikuwa anakata namba, moja kila wiki, mwaka baada ya mwaka, na kila alipokata aliandika pembeni kwamba hakuusoma.

"Nimefika mwaka wa tisa," akaniambia, kana kwamba tuliachana jana. "Keti, nyara."

Sikuketi. Nilianza kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Migori, lakini yalitoka hovyohovyo: kwamba siku ile kwenye hema sikufasiri alivyosema, kwamba niliyapunguza, kwamba nilimwogopea yeye, nikaiogopea zahanati. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Palepale. Yule mtu alicheka. Nani anaweza kucheka akiambiwa neno nililolisema?" Alipuliza vumbi la penseli kwenye ukurasa. "Nikakutazama, nikajua umenifunika. Na nikafurahi. Usijibebee peke yako. Kiingereza cha kusema *Sabbath* na *window* ninacho, nikanyamaza. Kazi yangu ilibaki, jina langu likabaki. Kila siku nilikwenda kumwomba fundi matofali, lakini hema lilikuwa hatua ishirini, na sikuingia tena."

Mkewe alikuwa mlangoni na ungo wake wa omena. Nilitambua kwamba alikuwa hajawahi kuyasikia haya. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akaweka ungo chini polepole.

Nikamwuliza Japim sasa tufanye nini. Akasema mhandisi akija atayasema tena, yaleyale, kwa Dholuo, na mimi niyafasiri.

Mhandisi alikuja. Wakamletea kiti. Japim alisimama wima vilevile, akayasema yote: namba ya katikati, wino mwekundu, mabenchi ya kanisa, maji dirishani. Akaongeza habari ya yule binti na mtumbwi. Nikafasiri neno kwa neno, sikuacha hata kikohozi. Mwanamke yule aliandika kila kitu, na palipokuwa na jambo hajalielewa akaniomba nimwulize tena. Alitaka kujua dirisha lipi, upande upi wa kanisa, kama liliwahi kubadilishwa. Wakatoka wakaenda kulipima, wakarudi.

Kisha akaweka kalamu chini, akauliza kwa upole swali ambalo nililijua litakuja. Kwa nini mradi wa kwanza haukuambiwa?

Japim hakungoja nimfasirie. Aliiangalia mikono yake, na nikamwona anavuta pumzi. "Kosa ni langu," akaanza kwa Kiingereza chake kigumu. "Mimi niko—"

Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza mzee maishani mwangu, wala sijafanya hivyo tena. Nilimgeukia mhandisi nikalisema kwa Kiingereza, kisha nikalirudia kwa Dholuo, polepole, ili Japim na mkewe walisikie neno lilelile.

"Aliwaambia. Mimi ndiye sikuwaambia."